Trekta Lenye Kijiko Lataka Uzito Nyuma

Mwaka 2009 Serikali ilitangaza Kilimo Kwanza, na baadaye matrekta mengi yaliletwa nchini kutoka India kupitia SUMA JKT. Leo tunazungumza juu ya trekta dogo lililofungwa kijiko mbele, lile la kuzoa mchanga, samadi na kokoto.

Nani kati yetu hajaona mtu akibeba maji kwa mzega? Akiondoa ndoo moja, mti unainuka upande na maji yanamwagika. Trekta nalo ni hivyo hivyo, na bega lake ni magurudumu ya mbele. Kijiko kikijaa, mbele huinama, na magurudumu makubwa ya nyuma huwa mepesi. Hapo ndipo penye hatari, maana matrekta mengi madogo yana breki nyuma tu. Gurudumu lisilokanyaga ardhi litashika breki gani? Tena ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati, ili ichezecheze penye mashimo. Nyuma ikiwa nyepesi, trekta lategemea pini hiyo, nalo huweza kulala ubavu.

Basi tuweke mzigo nyuma. Pipa lijazwe zege, lifungwe imara kwenye mikono ile inayobeba jembe. Tuhesabu, maana hesabu tumejifunza. Pipa la lita 200 likijaa maji lina kilo 200. Likijaa zege hukaribia kilo 480. Si kila trekta dogo litainua hilo. Kitabu chake kinaeleza kikomo, na kusoma sasa tunajua. Kikomo kikiwa kidogo, tutie zege nusu pipa. Wengine hutia maji katika matairi ya nyuma mpaka robo tatu hivi. Yanasaidia, lakini hayaipunguzii ekseli ya mbele mzigo. Pipa hupunguza, kwa sababu limekaa nyuma ya magurudumu.

Msitie vyuma puani kwa kuiga trekta la kulimia. Lile linabeba jembe nyuma, hili linabeba mchanga mbele. Na mchanga, jamani! Debe la mahindi makavu halifiki kilo 20, la mchanga uliolowa hupita 35.

Mkitembea, kijiko kiwe chini, karibu na magoti. Kuinua ni wakati wa kumwaga tu, penye ardhi sawa.

Na wale vijana wanaopandishwa nyuma ya trekta wawe ndio uzito, wateremke leo hii, hata kama zege halijakauka. Kazi itangoja.