Akiba na Mikopo: Kinga ya Mkulima Dhidi ya Butura



Wakulima wa kahawa mkoani Kagera wanalijua vema neno butura, yaani kuuza kahawa ingali maua mtini. Mkulima aliyeuguliwa nyumbani humwendea mlanguzi, akapewa fedha kidogo, na mavuno yakifika kahawa si mali yake tena. Butura imepigwa marufuku, lakini haijafa, kwa kuwa shida iliyoizaa haijafa.

Na ifanyike hesabu. Mathalani, gunia ambalo wakati wa mavuno lingempatia mkulima shilingi 200,000 huuzwa kwa shilingi 100,000 miezi minane kabla. Mkulima amepoteza shilingi 100,000. Lau angalikopa kiasi hicho katika chama cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi, angalilipa riba ya shilingi 12,000 tu. Nguvu ya mlanguzi ni moja: fedha zake zipo siku ya shida.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1864, huko Heddesdorf, Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwaunganisha wakulima waweke na kukopeshana, kwa msingi kwamba majirani hufahamiana na hudhaminiana. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vyama vya akiba na mikopo, pamoja na vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa.

Hata hivyo, chama cha mikopo huuawa na wenyewe. Viongozi hukopa wa kwanza na kulipa wa mwisho. Fedha zote hugawanywa punde baada ya mauzo, na maua yachanuapo sanduku ni tupu. Kwa hiyo kila chama kizingatie haya:

Kwanza, itengwe akiba ya mikopo ya dharura kwa miezi ya dhiki, wala isiguswe kwa jambo jingine.

Pili, orodha ya wadaiwa isomwe katika mkutano mkuu, majina ya viongozi yakitangulia.

Tatu, fedha zilizopokelewa kwa simu zikatiwe stakabadhi na kuandikwa daftarini siku ileile.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kilichotoboka, ndugu wajumbe, hakijai kamwe.