Asiyekuwepo Asiandikiwe Sifuri



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo uliwalenga wafanyabiashara, lakini unaihusu shule vilevile. Mali ya shule ni watoto, na daftari lake ni lile ambamo mwalimu huandika alama za kila jaribio. Siku hizi daftari hilo limeanza kutoka karatasini na kuingia katika kompyuta, na hata katika simu ya mwalimu. Hayo ni maendeleo. Lakini mashine haina busara. Hujumlisha kile inachopewa. Kwa hiyo hapana budi kuuliza: mtoto ambaye hakufanya jaribio aandikiwe nini?

Swali hili ni dogo mahali ambapo watoto wote hufika shuleni kila siku. Katika Nyarugusu, mkoani Geita, ni swali kubwa. Nyarugusu imo katika ukanda wa dhahabu. Wachimbaji wadogo hushuka katika maduara, makarasha husaga mawe, na mialoni mchanga huoshwa na dhahabu ikanaswa kwa zebaki. Ikisikika kwamba dhahabu imeonekana mahali pengine, baadhi ya familia hufunga virago na kuifuata, na watoto huhama nazo katikati ya muhula. Mtoto aweza kuwa darasani Jumatatu, na Jumatano akawa mwaloni akibeba maji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi za hatari, na kazi ya machimboni ni mojawapo. Hata hivyo, mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, na Geita ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa. Mtoto wa aina hiyo ndiye anayeathiriwa na kile kinachoandikwa katika kisanduku kimoja cha daftari la kompyuta.

Chukueni mfano wa majaribio matatu ya hisabati, kila moja la alama 50. Mtoto amepata 38 katika la kwanza na 40 katika la pili. Siku ya jaribio la tatu hakuwepo, na mwalimu akaandika sifuri. Kompyuta itagawa 78 kwa 3 na kutoa wastani wa 26. Kwa ngazi zinazotumika katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, hiyo ni C. Lakini katika majaribio mawili aliyoyafanya, wastani wake ni 39, yaani B. Sifuri imesema kwamba mtoto huyu hajui hesabu, kumbe anazijua. Tatizo lake halimo katika hesabu, limo mwaloni. Daftari limemtia mwalimu katika kutibu ugonjwa usiokuwepo na kuuacha uliopo.

Wako watakaosema: basi kisanduku kiachwe wazi. Hilo nalo lina hatari yake. Kanuni ya wastani katika kompyuta huruka kisanduku kitupu. Mtoto aliyefanya jaribio moja tu na kupata 45 atatokea na wastani wa 45, daraja A, akiwa mbele ya mwenzake aliyefanya yote matatu kwa bidii na kupata 42, 40 na 38, ambaye wastani wake ni 40. Tena kisanduku kitupu hakielezi kitu. Hakuna ajuaye kama mtoto hakuwepo, au mwalimu amesahau kuandika.

Njia iliyo bora ni herufi, na herufi nne zatosha: M kwa mgonjwa, R kwa aliyepewa ruhusa, U kwa aliyehamia baada ya jaribio, na H kwa aliyekosekana bila taarifa. Zisitumike A, B, C, D wala E, kwa kuwa hizo ni madaraja, na daftari lenye B ya maana mbili ni daftari la fujo. Shule nzima ikubaliane herufi zilezile, ili mwalimu mmoja akihamishwa, anayempokea asilazimike kubahatisha.

Hapo yafaa mwalimu aijue tabia ya mashine. Kanuni ya wastani huruka herufi kama inavyoruka kisanduku kitupu. Akijumlisha kisanduku kimoja kimoja kwa alama ya kujumlisha, kompyuta hukataa na kuonyesha kosa. Lakini akitumia kanuni ya jumla na kisha kugawa kwa 3, herufi hugeuka sifuri kimyakimya, na huo ndio mtego. Kwa hiyo pembeni ya safu ya wastani iwepo safu ya pili inayohesabu herufi za kila mtoto. Wastani usisomwe peke yake. Mtoto mwenye herufi zaidi ya nusu ya majaribio asipewe daraja lolote mpaka afanye jaribio la kufidia.

Utaratibu huu si mgeni. Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, halimwandikii sifuri mtahiniwa asiyefika. Katika orodha zake huonyeshwa kwa herufi ABS. Na tangu mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba mitihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo, wala haipimi tabia ya mtu na moyo wake wa kutumikia wenzake. Tarakimu ina mpaka wake. Yako mambo ya mtoto ambayo haiwezi kuyasema.

Pengine itadaiwa kwamba kumwondolea mtoro sifuri ni kumdekeza. Si kweli. Sifuri humalizana na mtoro siku ileile: ameadhibiwa, na shughuli imekwisha. Herufi H haimwachii mtu kupumzika. Inadai mwalimu wa darasa aulize, mzazi aitwe, Kamati ya Shule ijue, na serikali ya kijiji ifuatilie ni nani anayemtumikisha mtoto machimboni saa za masomo. Ada zimefutwa katika shule za msingi na sekondari za Serikali, na madarasa yamejaa. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hawezi kukumbuka kila uso. Daftari ndilo limkumbushe. Ila herufi hizo zisisomwe hadharani kumwaibisha mtoto, maana mara nyingi si yeye aliyejipeleka mwaloni.

Ndugu walimu na wazazi, asiyekuwepo na lake halipo. Ndivyo inavyokuwa pale ambapo hakuna aliyemwandika. Shule ikiandika kwa uaminifu kwamba mtoto hakuwepo, na kwa sababu gani, tayari imemwekea nafasi yake ya kurudi. Alama ya kazi iandikwe kwa tarakimu, kukosekana kuandikwe kwa herufi, na kila herufi H ipate mtu wa kuifuata hadi mwaloni.