MITI YA KIVULI NA BILI YA UMEME
(Maneno ya katibu katika mkutano wa tawi)



Tangu mwaka 1990 shirika la umeme la umma la Sacramento, Marekani, limewagawia wateja wake miti ya kivuli bure. Mti upande wa magharibi wa nyumba huzuia jua la alasiri, na mashine ya kupoza hewa hula umeme kidogo. Mwaka 2022 Serikali ya Marekani ilitenga dola bilioni 1.5 kwa miti ya mijini, hasa mitaa ya maskini. Mwaka 2025 serikali mpya ikafuta baadhi ya misaada hiyo, na mche usiponyweshwa hufa.

Sisi hatuna mashine hizo, lakini mabati yetu yanachoma vilevile! Basi tukiomba miche kwa serikali, tuombe pia mshahara wa mwenye kuimwagilia.