Mali Bila Daftari: Hotuba juu ya Muziki wa Kale wa Ulaya



Halmashauri ya Chama imenitaka niseme maneno machache juu ya muziki uitwao wa Baroki, yaani ule uliotungwa Ulaya tangu kama mwaka wa 1600 hata kama 1750, na hasa ule wa kwaya na vinanda. Sababu yajulikana. Wamo kati yetu wapenzi wengi wa muziki huo, ambao baada ya kazi hukutana kuusikiliza na kubishana ni utungo upi ulio bora. Sikuja kukata shauri hilo. Nitawatajia tungo tano nizipendazo, na pamoja nazo jambo moja limhusulo karani kuliko mtu mwingine ye yote, nalo ni hili: tungo hizi hazikutufikia kwa uzuri wake tu. Zimetufikia kwa kuwa mtu fulani alikaa kitako akazinakili au akazitunza, kisha akampa mwenziwe. Zile zisizopata mtu wa namna hiyo zimepotea. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nyingi za tungo hizi zilifanywa kwa ajili ya kanisa, nasi wanachama tu watu wa dini mbalimbali. Basi asidhani mtu kwamba nimekuja kuhubiri. Nazitaja kama kazi za akili na mikono ya watu.

Utungo wa kwanza ni ule uitwao Passacaglia, wa Johann Sebastian Bach, uliotungwa kwa kinanda kikubwa cha mabomba. Bach alizaliwa Eisenach, katika Ujerumani, mwaka wa 1685, akafiwa na mama na baba kabla hajatimiza miaka kumi. Akalelewa na kaka yake, Johann Christoph, mpiga kinanda wa Ohrdruf. Makala ya kumbukumbu yake, iliyochapwa mwaka wa 1754, yasimulia kwamba kaka huyu alikuwa na kitabu cha tungo za mabingwa wa wakati ule, akakifungia kabatini, asitake mdogo wake akiguse. Kabati lilikuwa na mlango wa kimia. Mtoto akapenyeza mkono wake mdogo, akakikunja kitabu, akakitoa usiku, akakinakili kwa mwanga wa mbalamwezi kwa kuwa hakuwa na taa. Kazi hiyo ilichukua miezi sita. Kaka yake alipoiona nakala, akamnyang'anya.

Wengi huishia hapo, wakamlaumu kaka. Lakini habari ina sehemu ya pili. Kaka yuyo huyo, baada ya miaka kadhaa, aliandika vitabu viwili vikubwa vya muziki wa vinanda, na ndani yake akanakili tungo za mdogo wake. Maandishi ya Bach mwenyewe ya ile Passacaglia hayapo tena. Nakala ya kale inayojulikana imo katika kimoja cha vitabu hivyo. Mkono uliofunga kabati ndio uliotuhifadhia utungo. Mkiusikiliza, shikeni sauti ya chini kabisa inayoanza peke yake. Wimbo huo mfupi warudiwa mara ishirini, na kila mara juu yake pajengwa jambo jipya, mfano wa nyumba ya ghorofa juu ya msingi mmoja.

Utungo wa pili ni kitabu cha Bach cha mwaka wa 1722, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni kama Kinanda Kilicholinganishwa Vema. Kina tungo ishirini na nne, kila moja ya sehemu mbili: utangulizi na fuga. Fuga ni mfano wa baraza lenye adabu. Msemaji wa kwanza hutoa neno. Wa pili hulishika neno lilo hilo, wa kwanza asinyamaze. Kisha wa tatu, na pengine wa nne. Na wote husikika bila kukatizana. Kama mwaka wa 1742 Bach alimaliza kitabu cha pili, chenye hesabu ile ile. Lakini vitabu hivyo havikupigwa chapa kamili mpaka mwaka wa 1801, miaka zaidi ya hamsini baada ya kufa kwake. Muda wote huo viliishi katika nakala za mkono, mwalimu akimpa mwanafunzi, na mwanafunzi akimpa wake. Beethoven alijifunza kwa nakala ya namna hiyo akiwa mtoto katika mji wa Bonn. Mozart alizipata fuga za Bach Vienna, mwaka wa 1782, kwa mheshimiwa mmoja jina lake Gottfried van Swieten, aliyekuwa akikusanya wapenzi wa muziki nyumbani kwake kila Jumapili adhuhuri. Huyo Swieten alikuwa mkuu wa maktaba ya mfalme, yaani mtumishi wa serikali kama sisi.

Utungo wa tatu ni Mateso kwa Injili ya Mathayo, wa Bach pia, wenye kwaya mbili zinazoitikiana. Kama mwaka wa 1736 Bach aliunakili upya kwa mkono wake, akayaandika maneno ya Injili kwa wino mwekundu. Na kurasa zilipoharibika, alizitengeneza kwa kubandika vipande vya karatasi. Karani atamwelewa. Baada ya kufa kwake utungo huo ulikaribia kusahauliwa, hata bibi mmoja wa Berlin, Bella Salomon, alipompa mjukuu wake nakala yake. Mjukuu huyo ni Felix Mendelssohn. Tarehe 11 Machi 1829, akiwa na umri wa miaka ishirini, aliuongoza mbele ya watu wa Berlin, na tangu siku ile sifa ya Bach haikulala tena.

Utungo wa nne ni Messiah, wa George Frideric Handel, aliyezaliwa mwaka mmoja na Bach. Kwaya yake ya Haleluya imeimbwa na kwaya nyingi za Afrika ya Mashariki, hata kwa Kiswahili. Aliutunga London mwaka wa 1741 kwa siku ishirini na nne, ukaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, fedha zikatolewa kwa hospitali na kwa wafungwa wa madeni. Mabibi waliombwa waje bila vile vikuku vya kutanua nguo, na mabwana bila panga, ili ukumbi uchukue watu wengi zaidi. Nami nawaomba mkumbuke wasia wake. Handel aliagiza kwamba nakala safi ya Messiah, pamoja na karatasi za kila sauti na kila chombo, ipewe nyumba ya kulea watoto waliotupwa huko London. Hakuwapa sifa tupu. Aliwapa karatasi za kuimbia.

Utungo wa tano ni Gloria, wa Antonio Vivaldi wa Venice, aliyewafundisha muziki wasichana wa nyumba ya mayatima. Alikufa Vienna mwaka wa 1741, naye ni fukara. Mwaka wa 1926 shule moja ya watawa katika Italia ilitaka kuuza vitabu vyake vya kale, nayo maktaba ya Turin iliyoombwa kuvitazama haikuwa na fedha za kuvinunua. Akatokea Roberto Foà, aliyefiwa na mwanawe mdogo, akavinunua na kuipa maktaba kwa kumbukumbu ya mtoto. Ikaonekana kwamba nusu ya vitabu haipo. Ilipopatikana Genoa, ilinunuliwa mwaka wa 1930 na Filippo Giordano, naye pia amefiwa na mwana. Gloria ikaimbwa tena Siena mwaka wa 1939, baada ya kimya cha karibu miaka mia mbili. Furaha ile ya fidla na tarumbeta mwanzoni mwake, kumbukeni kwamba twaisikia kwa majonzi ya wazazi wawili.

Hizo ndizo zilizookoka. Zilizopotea je? Makala ile ya mwaka wa 1754 yasema Bach alitunga nyimbo za ibada za kutosha miaka mitano, kila Jumapili na kila sikukuu. Hesabu yake ingefika kama 300. Zilizosalia ni kama 200. Mateso kwa Injili ya Marko, yaliyoimbwa mwaka wa 1731, maneno yake tunayo, muziki wake haupo. Karatasi zake ziligawanywa kama urithi. Mwana mmoja, Carl Philipp Emanuel, alilitunza fungu lake. Mwingine, Wilhelm Friedemann, aliliuza kidogo kidogo, na mengi yakatoweka.

Yuko atakayesema: kitu kikienezwa kwa kila mtu hupungua heshima. Jibu lipo. Miserere ya Gregorio Allegri ilikuwa ikilindwa katika kanisa la Papa huko Roma. Mwaka wa 1770 Mozart, kijana wa miaka kumi na minne, aliisikia akaiandika kwa kichwa. Mwaka uliofuata ikachapwa London. Imeenea dunia nzima, wala heshima yake haikupungua.

Mwingine atasema: kitabu kikiazimwa hakirudi. Hilo ni kweli, nami silikatai. Lakini dawa yake twaijua kazini kila siku, nayo si kufunga kabati. Dawa ni nakala na daftari.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naleta mashauri matatu. La kwanza, kila mwanachama ajaye na utungo aupendao, katika santuri au katika mashine za siku hizi, aandike ukurasa mmoja: jina la utungo, mtunzi, mwaka, na mahali pa kutegea sikio. La pili, asiazime mtu kitabu cha noti kabla hakijaandikwa katika daftari ya Chama, na kilicho kimoja tu kinakiliwe kwanza. La tatu, nalo ndilo kubwa, tuwaendee walimu wa kwaya wa mitaa yetu. Wako wenye nyimbo zao wenyewe katika madaftari ya shule, kwa penseli, nakala moja, zikiliwa na mchwa. Sijui kama yumo Bach kati yao. Wala watu wa Ohrdruf hawakujua. Tuna kalamu, tuna karatasi, tuna mkono uliozoea kunakili barua za wengine bila kuruka mstari. Tuutumie mkono huo kwa nyimbo za jirani zetu kabla wenyewe hawajafa.