Kumfundisha Mtoto Mchanga Kutafuna
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, mbele ya wanachama na jamaa zao



Halmashauri ilinitaka niseme juu ya jambo lolote lihusulo manufaa ya watoto wetu hapa mjini. Huenda wengi walitazamia habari za karo za shule, au za mchango wa mazishi, mambo ambayo kila mwaka hula saa zetu nyingi. Mimi nimechagua jambo lenye ukubwa wa tonge moja: jinsi mtoto mchanga anavyofundishwa kutafuna. Mimi si mganga. Kazi yangu ni kalamu na daftari. Niyasemayo nimeyapata kwa wauguzi wa zahanati, kwa kusoma, na kwa kuwalisha watoto watatu nyumbani kwangu.

Hapa mjini imeingia hofu ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Baba na mama hutoka nyumbani saa 12 asubuhi, na mtoto hubaki na yaya. Agizo wanalomwachia ni moja: saga kila kitu, asije akasakamwa. Basi viazi, maharage, nyama na mboga vyote huingia katika mashine ya kusagia, hutiwa maji, na mtoto humezeshwa. Hula hivyo akiwa na miezi 6, na miezi 9, na hata miezi 14. Mwezi wa Desemba hupelekwa nyumbani kwa nyanya yake, naye nyanya humpa kipande cha ndizi iliyopikwa. Mtoto hukitema, hulia, hukaza kinywa. Nyanya husema amedekezwa. La, hakudekezwa, hakufundishwa.

Maana kunyonya mtoto huzaliwa nako, lakini kutafuna ni kazi ya kujifunza, kama kutembea. Ulimi wa mtoto mchanga hujua kwenda mbele na kurudi nyuma tu, na kwa hiyo ukimpa kijiko akiwa na miezi 3 husukuma chakula nje. Afikapo karibu miezi 6 tabia hiyo hupungua. Aweza kukaa akiegemezwa, kichwa chake hakiyumbi, naye hunyosha mkono kushika kile mkilacho. Hapo ndipo wakati wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, lashauri chakula kianze katika miezi 6, na maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka 2 au zaidi. Baada ya hapo ulimi hujifunza kupanda na kushuka, kisha, kwa kadiri ya miezi 8 au 9, kukisukuma chakula pembeni kati ya fizi. Wengi hungojea meno. Hakuna haja, kwani meno ya mbele hukata tu, na magego hayatoki mpaka mwaka wa kwanza upite. Ufizi ni mgumu. Mama yeyote aliyeumwa na mtoto asiye na jino atanishuhudia.

Je, kuna hasara gani tukikawia? Katika mji wa Bristol, Uingereza, wataalamu waliwafuata maelfu ya watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika taarifa ya mwaka 2001 walieleza ya kuwa wale waliopewa chakula chenye mabonge baada ya miezi 10 walikuwa wagumu kulishwa kuliko wale waliokianza mapema. Na taarifa ya mwaka 2009 ikasema kwamba waliochelewa, hata walipofika umri wa miaka 7, walikula matunda na mboga kwa uchache. Kwetu sisi kuna hasara nyingine. Chakula kilichotiwa maji mengi hujaza tumbo dogo bila kuleta nguvu. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hupungua sana afikapo miezi 6, na uji mtupu hauwezi kuirudisha. Huhitaji maini, nyama, dagaa, maharage, yai. Mstari wa uzito katika kile kijitabu cha zahanati hulala, na wazazi hutafuta dawa.

Nimesema hofu, nami siidharau. Mtoto aweza kufa kwa punje moja ya njugu. Lakini yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mtoto anayeanza mabonge mara nyingi atajitutumua kama atakaye kutapika. Macho yatatoka machozi, uso utakuwa mwekundu, atakohoa kwa kelele, atakitoa kipande, naye ataendelea kula kama kwamba hakuna lililotokea. Huo ni mlinzi aliyewekwa kooni mwake, na katika umri huu mlinzi huyo husimama karibu na mbele ya ulimi, kwa hiyo huamka upesi. Ukimrukia mtoto kwa mayowe, au ukimtia kidole kinywani, waweza kukisukuma chakula ndani, na pia wamfundisha kuogopa. Keti, mtazame, ngoja.

Kusakamwa ni jambo jingine, na ishara yake kubwa ni ukimya. Hawezi kulia, hawezi kukohoa, midomo huanza kugeuka rangi. Hapo usingoje hata kidogo. Kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukiushika utaya wake. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kama hakikutoka, mgeuze chali na umsukume katikati ya kifua mara 5. Rudia moja kwa jingine, na mwingine akimbilie msaada. Usimbinye tumbo kama afanyiwavyo mtu mzima, wala usipapase kinywani kwa kidole usichoona kinakokwenda. Akilegea na kuzimia, hapana budi aanze kupewa pumzi na kusukumwa kifua huku akikimbizwa hospitali, na kazi hiyo haifundishiki kwa maneno ya karani.

Nirudi kwenye sahani. Katika miezi 6 anza kwa chakula kizito kilichopondwa, si kilichosagwa: kiazi kitamu, ndizi, parachichi, boga, maharage yaliyotolewa maganda. Kiwe kizito kiasi cha kutomwagika ukiinamisha kijiko. Kwa wiki chache punguza kuponda, mwiko uache vibonge vidogo. Huku nyuma mpe cha kushika mwenyewe, kipande kirefu kama kidole chako, kilichopikwa mpaka kikabonyea ukikifinya kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisichobonyea kwa vidole viwili hakitabonyea kwa fizi. Kwa miezi 9 huanza kudonoa kwa ncha za vidole, basi vipande viwe vidogo. Afikapo mwaka hula chungu kimoja na nyumba nzima. Ugali mkavu hushikamana kooni, uchovye mchuzi. Githeri ni chakula chema, lakini punje za mahindi zipondwe. Njugu zisagwe zilainike na kuchanganywa katika uji. Njugu nzima, bisi, peremende, muwa, karoti mbichi na mahindi ya kuchoma vikae mbali naye kwa miaka kadhaa. Samaki apapaswe kwa vidole kabla ya kumpa. Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja, kwani yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo changa haliviwezi.

Na mtoto aketi wima alapo. Asilishwe akilala, wala akitambaa, wala mgongoni mwa yaya apigaye pasi. Wako wanaomfunga mtoto mikono, wakamziba pua na kummiminia uji kwa kiganja. Nasema waziwazi, hata kama mfanyaji ni mkwe wangu: huo uji huweza kuingia mapafuni, na mtoto hujifunza ya kuwa kula ni kupigana.

Kuna neno moja la kuwaambia nyanya zetu kwa heshima. Zamani walitafuna chakula wao kwanza, kisha wakampa mjukuu. Waliona vema ya kuwa mtoto ahitaji kitu kuliko maziwa, na hawakuwa na mashine. Lakini mwaka 2009 madaktari wa Marekani waliandika habari za watoto watatu ambao yaelekea walipata virusi vya Ukimwi kwa njia hiyo, pengine kwa damu ya fizi za aliyetafuna. Uma waweza kufanya kazi ile ile, na kinu hakina ugonjwa.

Kwa kuwa wengi wa wanaolisha watoto wetu hawamo ukumbini humu, Halmashauri imekubali ombi langu. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa 8 mchana, muuguzi atakuja hapa na mwanasesere mwenye ukubwa wa mtoto, na kila mtu atajaribu kwa mikono yake mapigo yale matano na kusukuma kifua. Hakuna kiingilio. Walio na yaya wawape ruhusa na nauli waje nao, na wajapo wazazi wakae nao benchi moja.