Shilingi Isirudishwe Bila Jibu



Mmeniomba nizungumzie wajibu wa Bunge katika usalama wa usafiri wa umma. Hapa Mwanza hakuna asiyejua kwa nini jambo hili linatuhusu. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia bandari yetu, imepakia kupita kiasi, na wengi waliokufa siku ile wamelala Igoma. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora siku ya gulio, watu na mizigo wamebanana, kikapinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika kisiwa cha Ukara. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Baada ya msiba Serikali ilichukua hatua. Rais Magufuli aliagiza wahusika wakamatwe, na bodi za TEMESA, wakala unaoendesha vivuko vya Serikali, na SUMATRA, mdhibiti wa usafiri wa wakati ule, zikavunjwa. Sizibezi hatua hizo. Ninachouliza ni kilichofanyika kabla. Maana mbunge wa Ukerewe wa wakati ule, Joseph Mkundi, alikwishasimama bungeni akaeleza ubovu wa kivuko kile. Taarifa ilifika Dodoma, ikasikika, ikaandikwa kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Watu wakaendelea kupanda.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Katiba yetu, ibara ya 63, inalikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba yetu. Kuuliza swali ni mwanzo tu wa kazi hiyo. Mbunge aliyeuliza, akajibiwa kuwa "Serikali iko katika mchakato", akashukuru na kuketi, amepokea ahadi. Kusimamia ni kuifuatilia ahadi hiyo mpaka fedha zitoke, injini ifungwe na chombo kikaguliwe.

Nanyi mnajua Bunge letu lina meno. Wakati wa kupitisha bajeti, mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo. Ni silaha nzuri. Tatizo la kwanza ni jinsi inavyotumika: tumeona mara ngapi waziri akisimama, akisema "nimelichukua, tutalifanyia kazi", na mbunge akasema "kwa heshima ya Mheshimiwa Waziri, narudisha shilingi"? Muda ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo. Wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Shilingi irudishwe waziri akitaja kiasi cha fedha, jina la chombo na tarehe.

Tatizo la pili ni kalenda. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali (PAC) huhitaji miezi kadhaa kuwahoji maofisa masuuli. Mwaka 2022 na 2023 mjadala wenyewe ulifanyika Novemba, wakati taasisi zilezile zilizonyooshewa kidole zilikwishapitishiwa bajeti mpya tangu Juni. Haifai. Hoja za ukaguzi zinazogusa uhai wa abiria zifikishwe kwenye Kamati ya Bajeti Aprili ileile, kabla fungu halijapita.

Tatizo la tatu ni kulewa hati safi ya ukaguzi. Taasisi ikipata hati safi tunapiga makofi. Lakini hati safi inasema hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi kwamba injini ni nzima, wala kwamba fedha imenunua kitu chenye thamani yake. Mnaikumbuka MV Dar es Salaam, kivuko kilichonunuliwa kwa karibu shilingi bilioni 8 kwa ajili ya safari za Dar es Salaam na Bagamoyo. CAG alibaini kuwa hakikufikia kasi iliyoandikwa kwenye mkataba. Ilibidi mkaguzi alinganishe mkataba na chombo chenyewe majini ndipo tukajua. Ukaguzi wa namna hiyo ndio unaotufaa sisi tunaopanda. Ndiyo maana ilisikitisha Aprili 2019, Bunge lilipoazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati ule, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alisema lina udhaifu katika kuisimamia Serikali. Bunge likigombana na mkaguzi, anayepumua ni mtumiaji mbaya wa fedha.

Sasa tuje kwetu. Kuna watakaosema abiria nao wanajazana wenyewe. Ni kweli, na nahodha anayekubali ana kosa. Lakini muulize mama mwenye matenga ya dagaa kwa nini hakusubiri safari inayofuata. Atakwambia hakuna inayofuata, au ipo kesho. Kujaza chombo kupita kiasi ni suala la bajeti kabla halijawa suala la nidhamu. Juni 2025 tulifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, na tunashukuru. Hilo linaonyesha kwamba nchi ikiamua, fedha hupatikana. Ukara haina daraja. Watu wa Ukara nao ni walipa kodi.

Kwa hiyo kila mmoja wetu akipanda kivuko, asome idadi ya abiria wanaoruhusiwa, aangalie kama majaketi okozi yanafikika au yamefungwa kwa kamba, na adai tiketi, maana bila tiketi hata idadi ya waliomo haijulikani. Akiona kasoro, aiandike kwa tarehe na ampe diwani na mbunge. Malalamiko ya mdomo hayaingii kwenye kumbukumbu.

Na mbunge wetu akirudi jimboni mwezi Julai, tusimhesabie mara alizosimama kuchangia. Tumuulize alishika shilingi ya waziri gani, na aliirudisha kwa ahadi ipi. Tarehe ya ahadi hiyo ikipita bila utekelezaji, tumwandikie barua aende nayo Dodoma. Aliyetumwa na watu hurudi na majibu.