Mafuta ya lumbalumba na mtoto mchanga

Ninyi wa Pangi, wa Kalima na wa Kampene! Najua saa hii sombe inatwangwa. Wekeni mchi chini kidogo, maana jambo hili limenichosha: mafuta ya majani ya lumbalumba kutiwa mdomoni na puani mwa watoto wachanga!

Chupa zile ndogo zimejaa sokoni. Muuzaji anaapa kwamba mafuta hayo yamepimwa laboratwari, yanaondoa maumivu na uvimbe. Yamepimwa kwa nani, mama? Kwa panya! Panya anadungwa unyayoni karajinani, kitu kinachotolewa kwenye mwani, ule ule wanaoulima akina mama wa Zanzibar. Unyayo unavimba. Kundi moja la panya linapewa mafuta, jingine indometasini, dawa ya uvimbe, jingine halipewi dawa. Kila saa unyayo unapimwa. Jaribio hili la unyayo linafanywa tangu 1962. Uvimbe ukipungua, mtafiti anajua mafuta yana nguvu. Kiasi cha kumpa mtoto wa miezi mitatu hakijui bado.

Nasi tunamimina kwa kukisia kwa macho!

Lumbalumba ni jani zuri, sikatai. Lakini usiniambie umekunywa chai yake tangu utoto. Chai si mafuta: majani ya kikapu kizima hutoa mafuta kidogo sana, makali. Tena mafuta ya huku yanaweza kuwa na kemikali ya eujenoli nyingi, ya kule timoli. Eujenoli ndiyo ile ya karafuu. Mwaka 1993 jarida la madaktari wa Uingereza lilieleza kisa cha mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya karafuu, mililita 5 hadi 10 tu: akazimia, akashikwa na degedege, ini likaumia. Hospitali ilimwokoa. Wewe, mvua ikinyesha, pikipiki itakufikisha hospitalini Kindu saa ngapi?

Na ninyi wachimbaji! Kijana mmoja wenu alijipaka mafuta haya tumboni siku tatu, akiongeza diklofenaki, dawa ya maumivu, ya mchuuzi. Kumbe kidole tumbo. Alipoletwa kituoni, tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

Narudi kwa watoto. Puani, hata tone moja, hapana! Mtoto mchanga anaweza kukatika pumzi. Akishameza, usimtapishe, usimnyweshe mawese wala maziwa. Maana akitapika, mafuta yale yakiingia mapafuni ni hatari nyingine. Kimbia naye kituo cha afya, na chupa uichukue, hata ikiwa imebaki harufu tu, muuguzi aione.